Shajara ya Mradi: Uzi wa Taa Ishirini

Wiki ya 1

Rasimu ya kwanza ya skripti imekamilika ikiwa na kurasa 41. Kwa kuwa ukurasa mmoja wa skripti uliopangwa kwa utaratibu wa kawaida hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, tunayo mkononi hadithi ya dakika 41 hivi, nami nimekusudia ishuke hadi 35 kabla hatujawasha kamera. Ni filamu fupi ya kifamilia kuhusu nyumba ambayo Krismasi imepoteza ladha. Bibi alifariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo kisanduku cha mapambo hakijashushwa kutoka juu ya kabati. Waliobaki ni baba, kaka wa miaka 16 na binti wa miaka 9. Binti anaamua kukishusha.

Hadi hapo sina ugomvi na hadithi. Ugomvi wangu ni na namna wahusika wanavyozungumza. Nimehesabu na kukuta kwamba neno "furaha" limetajwa mara 23, na katika onyesho la sita peke yake wahusika wote watatu wanatangaza, kwa zamu kama watu wanaoapishwa, kwamba sikukuu si kama zamani. Watu ambao furaha ya sikukuu imewatoka nyumbani hawaitaji kwa jina. Huahirisha, husema kisanduku ni kizito, husema mwaka huu kazi zimekuwa nyingi, kisha huuliza nani ameacha mlango wazi. Nimempa mwandishi mwenzangu sharti moja kwa ajili ya rasimu ya pili: neno hilo lisitamkwe na mhusika yeyote kabla ya dakika ya 30, na ikiwezekana lisitamkwe kabisa. Amekubali kwa shingo upande.

Wiki ya 2

Tumekaa siku tatu juu ya swali moja: ni kitu gani hasa kilichopotea katika nyumba hii? Rasimu ya kwanza ilijibu kwamba ni bibi, jibu la kweli lakini lisilozaa hadithi, kwa sababu bibi hawezi kurudi na filamu haina haki ya kuahidi kwamba atarudi. Jibu la pili, kwamba kilichopotea ni moyo wa Krismasi, ni ukungu mtupu, na kamera haiwezi kupiga picha ya ukungu wa maneno.

Jibu tulilolikubali lilitoka kwenye orodha. Nilimwomba mwandishi mwenzangu aandike kila jambo ambalo bibi huyu angelifanya kuanzia mwanzo wa Desemba hadi usiku wa tarehe 24, bila kupamba. Alijaza kurasa mbili. Bibi alishusha kisanduku, alizijaribu taa kabla ya mtu yeyote kuamka, aliwapigia simu ndugu walionuniana na kuwasemesha kana kwamba hajui kwamba wamenuniana, alikumbuka zawadi ya kila mtu ya mwaka uliopita, aligundisha bawa la malaika wa karatasi lililong'oka kila mwaka mahali palepale. Hakuna mwingine nyumbani aliyewahi kufanya hata moja kati ya hayo. Ndipo ilipotubainikia kwamba wahusika wetu waliichukua furaha ya Krismasi kama majira, kitu kinachokuja chenyewe Desemba ikifika, kumbe ilikuwa kazi ya mtu mmoja, na mtu huyo alipoondoka kazi ilibaki bila mwenyewe. Filamu itakuwa juu ya kazi hiyo. Mengine yote yatapimwa kwa kipimo hicho, na yatakayoshindwa yatatolewa.

Nimerudi pia kwenye A Christmas Carol, kisa cha Krismasi cha Charles Dickens kilichotoka Desemba 19, 1843, kwa kuwa karibu kila filamu ya aina hii imepakua kutoka chungu kile. Nilichokuwa nakitafuta ni mgawanyo wa kurasa tu. Kitabu kina sehemu tano, na ni sehemu ya tano pekee, iliyo fupi kuliko zote, ambamo Scrooge, bahili ambaye kisa kinamhusu, anaishi akiwa mtu aliyebadilika. Humo hahutubii juu ya mabadiliko yake. Anatuma, anatoa, anakwenda kubisha hodi kwa mpwa wake, anamwongezea karani mshahara. Sisi tulikuwa tumempa baba kurasa nane za kutubu. Zimebaki mbili.

Wiki ya 3

Kitovu cha hadithi ni uzi wa taa za mti, na wiki hii fundi umeme wetu ameibadilisha skripti kuliko waandishi wake wawili kwa pamoja.

Katika rasimu uzi hauwaki kwa sababu balbu moja imeharibika. Jambo hili lina ukweli wake. Nyuzi za zamani ziliungwa kwa mfululizo, umeme ukipita kutoka balbu hadi balbu kama ndoo inayopokezanwa na watu waliopanga mstari, na mmoja akiiacha ndoo ianguke wote waliobaki husimama mikono mitupu. Uzi wa balbu 20 ukichomekwa kwenye umeme wa volti 240, kila balbu hupata volti 12 tu, na ndiyo maana vibalbu vidogo kiasi kile viliweza kuhimili umeme wa ukutani. Katika nyuzi nyingi zilizotengenezwa baadaye, kila balbu ina kiungo kidogo ndani yake ambacho hufunga njia pale waya unaotoa mwanga unapokatika, hivyo balbu moja ikiungua zilizobaki huendelea kuwaka. Uzi wa bibi wetu ni wa zamani, usio na msaada huo.

Tulikuwa tumeandika kwamba binti anakuta balbu moja ya akiba ndani ya kasha la kiberiti lililoandikwa "nzima" kwa mkono wa bibi, anaijaribu kwenye soketi moja baada ya nyingine, na kwenye soketi ya 17 uzi unawaka, watu wanalia, jina la filamu linatokea. Fundi aliisoma, akanirudishia karatasi, akasema, "Mwongozaji, hii ni kazi ya dakika kumi. Sioni mtu wa kulia hapa."

Nilipomuuliza ni hitilafu ipi inayomchosha mtu hadi akate tamaa, hakufikiri hata kidogo. Ni uzi wenye kasoro mbili. Ukiwa na balbu moja nzima ya akiba na kasoro zikawa mbili, unaweza kupita soketi zote 20 kwa uangalifu wote na usione hata cheche, kwa sababu kila unapotibu kasoro ya kwanza ile ya pili bado imekata njia, na uzi wenyewe haukwambii umekaribia au la. Giza la kasoro moja na giza la kasoro mbili ni giza lilelile.

Tumeiandika upya hadithi yote juu ya maelezo hayo. Soketi moja iko tupu tangu mwanzo. Binti anatia humo balbu ya akiba akiwa na hakika kwamba tatizo limekwisha, na hakuna kinachowaka, kwa sababu katika dakika ya 7 alipokuwa akikishusha kisanduku kilimponyoka, na kishindo kikaukata waya wa ndani wa balbu nyingine. Sasa ana balbu 20 na soketi 20, moja kati ya balbu hizo ni mfu, na kwa vyovyote atakavyozipanga uzi hautawaka. Anahitaji balbu moja zaidi, na anahitaji mtu wa kumwonyesha ipi iliyokufa. Anayejua kuipata iliyokufa ni baba. Balbu inayohitajika iko kwa kaka, ambaye aliitoa kwa makusudi Krismasi ile ya kwanza bila bibi, ili taa zisiwake, akaificha asimwambie mtu.

Mwandishi mwenzangu aliniuliza papo hapo balbu ya pili inamwakilisha nani. Nimekataa kumjibu, kwa kuwa tukianza kuzigawia balbu majina ya watu mtazamaji ataacha kuitazama familia na kuanza kufumbua kitendawili. Kwa sababu hiyohiyo nimeifuta sentensi ambamo baba anasema familia ni kama uzi wa taa, moja ikizima zote huzima. Watu watatu katika kikundi walikuwa wameipenda kuliko sentensi zote za skripti, na nadhani hilo lenyewe lilitosha kuwa sababu ya kuifuta.

Wiki ya 4

Mtayarishaji ameomba theluji ianguke katika onyesho la mwisho. Tumebishana kwa heshima kwa muda mrefu. Studio za Marekani ziliwahi kutumia chembe za nafaka zilizopakwa rangi nyeupe, ambazo zilipiga kelele chini ya nyayo kiasi kwamba mazungumzo yalilazimika kurekodiwa upya baadaye. Katika filamu ya Frank Capra ya mwaka 1946, It's a Wonderful Life, ambayo sehemu kubwa yake ilipigwa picha katika joto la kiangazi, mafundi walichanganya povu la kuzimia moto, sabuni na maji, wakalirusha kwa nguvu ya upepo, na kwa mara hiyo sauti ikarekodiwa palepale. Kwa hiyo theluji bandia ni ufundi unaowezekana, nami sikumpinga kwa sababu ya ugumu wake.

Nilimpinga kwa sababu theluji ingetufanyia kazi ambayo wahusika wanapaswa kuifanya wenyewe. Ikianguka dakika ya 34, mtazamaji ataamini kwamba kitu kutoka juu kimeirudisha Krismasi, na kazi ya mikono ya watu watatu iliyoonyeshwa kwa dakika 33 itakuwa haikuwa na maana. Zaidi ya hayo, kusini mwa ikweta Krismasi huangukia majira ya joto, na watoto wa huko hawahitaji kuazima baridi ya wengine ili waijue sikukuu yao. Uamuzi: hakuna theluji. Dirishani kutaonekana giza na taa za majirani, basi.

Wiki ya 6

Tumempata mtoto wa kuigiza binti. Watoto walioletwa walikuwa wamefundishwa kulia kwa amri, na wawili walifanya hivyo vizuri mno hata nikaona aibu kuwatazama. Sikuwaomba walie. Nilimpa kila mmoja uzi wa taa uliojisokota, nikakaa pembeni na saa mkononi. Wengi waliuvuta, wakauacha, wakanitazama wapate kujua jibu langu ni lipi. Huyu tuliyemchagua alianza kuusemesha uzi kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsihi mbuzi atoke shambani, na baada ya dakika sita alikuwa amesahau kwamba nipo.

Fundi ametengeneza uzi wa kuigizia. Kwa macho ni uleule wa bibi, lakini unaendeshwa kwa betri ya volti chache iliyofichwa nyuma ya mti, balbu zake zimeungwa sambamba, kila moja na njia yake ya umeme, na swichi iko mkononi mwake, hivyo mtoto hatagusa umeme wa ukutani katika onyesho lolote. Plagi inayoonekana haina kitu ndani. Hata hivyo tumesisitiza kwamba katika kila jaribio binti achomoe plagi kabla ya kugusa balbu, kwa sababu watoto watakaotazama wataiga mikono yake na hawatajua siri yetu ya betri. Sharti hilo la usalama limetupa mdundo ambao skripti haikuwa nao: chomoa, zungusha, chomeka, tazama. Chomoa, zungusha, chomeka, tazama.

Maonyesho yote ya mtoto yamepangwa asubuhi.

Wiki ya 8

Siku nne za kwanza za kupiga picha zimekwisha. Siku ya pili ilitupotezea saa tatu kwa jambo ambalo tungeweza kuliona mapema. Taa za majirani zinazoonekana dirishani ni zile za kisasa za bei ya chini, na macho yetu yaliziona zikiwaka kwa utulivu, lakini kwenye kioo cha kamera zilitetemeka na wakati mwingine mistari ya giza ilipita juu yake. Taa za namna hiyo huzima na kuwaka mara nyingi katika kila sekunde kwa kufuata mapigo ya umeme, na kamera inayochukua picha 24 kwa sekunde, kila picha ikipata mwanga kwa sehemu moja ya 48 ya sekunde kama ilivyo desturi, haiendi sawa na umeme wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Mpiga picha aliurekebisha muda huo kuwa sehemu moja ya 50 ya sekunde, na mtetemo ukakoma. Penye umeme wa hezi 60 angeweka sehemu moja ya 60.

Tatizo lilileta faida. Tulipokuwa tukilitafuta tuliona jinsi taa zile za dirishani zilivyo za samawati zikilinganishwa na balbu za bibi. Mwanga wa balbu ya waya una joto la rangi la kama kelvini 2,700, wa njano ya dhahabu, ilhali taa nyeupe za dirishani zinafika kama 6,000, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mwanga unavyoelekea samawati. Tumeamua kutozisawazisha. Kwa dakika 30 za kwanza nyumba yote itaangazwa kwa mwanga ulio karibu na ule wa dirishani, wa baridi kidogo, bila chochote cha kuuelekezea mtazamaji kidole, na rangi ya dhahabu haitaonekana popote hadi mkono wa baba utakapoileta.

Wiki ya 9

Tumepiga onyesho la betri, na ninaliandika kwa kirefu kwa sababu filamu nzima inalitegemea.

Binti ameshindwa. Ameuacha uzi sakafuni na kwenda kulala. Baba, ambaye tangu mwanzo amekuwa akipita mlangoni na kujifanya anatafuta kitu, anaingia, anaketi karibu na uzi, anatoa betri ya volti 9 na vipande viwili vya waya. Anaichomoa kila balbu, anaigusisha waya, anaitazama, anairudisha. Balbu ya volti 12 kwenye betri ya volti 9 haiwaki kwa nguvu zake zote. Hutoa mwanga hafifu wenye wekundu, wa kutosha kuonyesha ncha za vidole na sehemu ya chini ya uso. Tulizima taa zote za chumbani isipokuwa moja iliyopigwa ukutani na kurudi dhaifu sana. Hapo ndipo rangi ya joto inapoingia katika filamu kwa mara ya kwanza, ikiwa na ukubwa wa punje ya mahindi.

Mwigizaji wa baba alilia tulipolipiga onyesho kwa mara ya nne. Hakuombwa, alifika balbu ya tisa, akaitazama, machozi yakamdondoka, na nusu ya kikundi ikageuka ukutani kujifuta. Mpiga picha alininong'oneza kwamba tumeipata. Nami niliamini hivyo kwa muda wa kama dakika tano, kisha nikaomba turudie, na mwigizaji akaniangalia kwa macho ambayo sitayasahau upesi. Katika mara ya saba alikuwa amechoka, machozi hayakuwapo tena, na alifanya kazi tu kama fundi. Alipofika balbu isiyowaka aliigusisha mara ya pili, akapuliza vumbi kwenye kitako chake, akaigusisha mara ya tatu, akaitikisa karibu na sikio. Kisha akaiweka chini peke yake, mbali na nyingine, taratibu mno kwa kitu kisichofaa tena. Sijui ni ipi tutakayoitumia. Nimeziwekea alama zote mbili.

Kaka anaingia mwishoni mwa onyesho hili, anaweka balbu aliyoificha juu ya sakafu, kando ya ile mfu, na kutoka. Tulipiga mara mbili tu.

Wiki ya 12

Mhariri na mimi tumekuwa na matatizo mawili, la urefu na la machozi.

La urefu lilihusu majaribio 20 ya binti. Yalivyopigwa yana zaidi ya dakika sita, na ukiyaonyesha yote mtazamaji atakata tamaa kabla ya mhusika. Ukiyafupisha kwa haraka haraka na muziki juu yake, kama ilivyo mazoea, yanakuwa mchezo wa kufurahisha na kukata tamaa hakupo. Mhariri aliyaonyesha matatu ya kwanza kwa ukamilifu wake, ili mdundo ukae masikioni, kisha akaacha picha ikae kwenye uso wa kaka aliye chumba cha pili huku sauti pekee ikiendelea: mlio wa plagi, kimya, mlio wa plagi, kimya. Kaka anajua kwa nini taa haziwaki, na kila mlio anaousikia ni mlio wa kosa lake. Onyesho lote sasa lina dakika moja na sekunde 50 na limekuwa la mtu mwingine kabisa kuliko yule tuliyemwandikia.

La machozi lilikuwa gumu zaidi. Tuliweka mara ya nne, ile ya kilio, na ikawa nzuri kama tulivyokumbuka. Tuliitazama tena baada ya siku mbili ikiwa ndani ya filamu nzima, na tukaona kwamba baba akilia sisi tunamtazama akilia, lakini baba asipolia, balbu moja hafifu ikimwangaza kidevuni, kila mmoja wetu anajikuta akimlilia kwa niaba yake. Mwongozaji wa Kirusi Lev Kuleshov aliwahi, karibu miaka ya 1920, kuunganisha uso uleule usio na dalili yoyote na picha tofauti, ya chakula, ya jeneza, na watazamaji wakausoma uso huo kuwa wenye njaa katika picha moja na wenye huzuni katika nyingine. Watu wa filamu za sikukuu tunalijua somo hilo na tunalisahau kila Desemba. Tumetumia mara ya saba. Nimempigia simu mwigizaji kumwarifu mwenyewe, kwa kuwa si habari ya kumfikia mtu siku ya uzinduzi.

Wiki ya 13

Muziki. Mtunzi alileta dakika 11 za ala za nyuzi na kengele. Zimebaki dakika nne na hakuna kengele.

Wimbo ambao bibi alikuwa akiuvumisha alipojaribu taa ni Stille Nacht, ule unaojulikana kwa Kiingereza kama Silent Night. Maneno yake ni ya padri Joseph Mohr, muziki ni wa mwalimu Franz Xaver Gruber, na uliimbwa kwa mara ya kwanza usiku wa Desemba 24, 1818 katika kijiji cha Oberndorf, Austria, kwa gita. Kwa umri huo wimbo wenyewe hauna mwenye kuudai, ingawa kila rekodi mpya ya wimbo ina wenyewe, kwa hiyo hatukuchukua rekodi ya mtu, tumerekodi ya kwetu. Ina mwendo wa pembea, wa kumbembeleza mtoto, nao unakaa vizuri kwenye mdundo wa plagi. Baba anauvumisha bila kujijua anapoijaribu balbu ya tano, anafika mahali ambapo sauti inapanda, anakatiza. Hauendelezwi tena popote katika filamu, hata taa zinapowaka. Mtunzi ameomba mara mbili aumalizie mwishoni. Nimemwambia bibi naye hakuwahi kuumaliza, kwa sababu kila mara taa ziliwaka kabla.

Wiki ya 15

Tumeonyesha kwa watu 14, watano kati yao watoto. Niliketi nyuma nikiwatazama wao badala ya kioo.

Watoto walicheka pale plagi ilipochomekwa kwa mara ya tatu, jambo ambalo hatukulitegemea na ambalo ni jema, kwani ukimya uliofuata ulikuwa mzito zaidi. Mtu mzima mmoja alisema kaka amesamehewa kwa urahisi mno. Nimelifikiria na sikubaliani naye: hakuna aliyemsamehe, wamepokea balbu tu, na mengine yatakuja kwa wakati wake nje ya filamu. Lakini hoja ya tatu imetupiga barabara. Watazamaji sita, wote vijana au watoto, hawakuelewa kwa nini balbu moja izime taa zote. Wamekua na taa ambazo moja ikifa nyingine huendelea, na kwao binti alikuwa anahangaika bila sababu.

Kwa hiyo sentensi niliyoifuta wiki ya tatu kwa majivuno imelazimika kurudi. Imerudi kwa mlango wa nyuma. Haisemwi na baba, haisemwi mwishoni, na haimtaji mtu. Iko dakika ya 9, binti akiwa na kipande cha gundi ya karatasi mdomoni, akimweleza mwanasesere namna ya kufanya kazi: "Moja ikifa zote zinazima. Bibi alisema usizipige, uzijaribu." Tulimwita mtoto arekodi sauti hiyo upya, na kwa bahati alikuwa ameng'oka jino, maneno yakatoka yamekwaruzika vizuri zaidi kuliko ambavyo tungeweza kumwelekeza.

Wiki ya 17

Picha imefungwa, yaani haihaririwi tena, kwa dakika 36 na sekunde 20, dakika moja na kidogo juu ya lengo langu, na sioni pa kukata tena.

Mwisho umebadilika kwa mara ya nne, na nadhani ndiyo ya mwisho. Taa zinawaka katika dakika ya 33. Tulikuwa tukimalizia hapo, watatu wakizitazama, na kila tulipoitazama ilituacha na ladha ya peremende, tamu kisha hakuna. Sasa chini ya kisanduku binti anakuta ile orodha ya bibi, ambayo ni kurasa zetu mbili za wiki ya pili zilizonakiliwa kwa mwandiko wa mzee. Jambo la kujaribu taa linakatwa kwa kalamu. Linalofuata ni simu kwa ndugu wawili walionuniana, na hakuna kati ya watatu anayeitaka kazi hiyo. Kaka ndiye anayeichukua simu. Picha ya mwisho ni yeye akiwa ameishika sikioni, uso ukiwa na dhahabu ya taa upande mmoja na samawati ya dirisha upande wa pili, ikiita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Inakatika kabla haijapokewa. Neno "furaha" halimo katika filamu.

Kazi iliyobaki ni ya sauti. Mrekodi sauti hajaridhika na pale baba anapoitikisa balbu mfu karibu na sikio, kwa sababu kipande cha waya kilichokatika hutoa mlio mdogo kama wa mchanga ndani ya ganda, na kipaza sauti cha siku ile hakikuunasa. Ameniomba balbu yenyewe, si nyingine inayofanana nayo. Nimeitafuta katika vifaa vyote na kuikuta kwa fundi umeme, ndani ya kasha la kiberiti, ikiwa imefungwa pamba. Ataileta Jumatatu saa tatu asubuhi.